Kuitwa na Kuitika: Maharusi Wanavyojenga Kuaminiana na Ukaribu

Harusi ikishapita, viti vikarudishwa kwa mwenyewe na kamati ikavunjwa, watu wawili hubaki na chumba na sebule, godoro jipya na deni la ukumbi. Miezi ya vikao, michango na vipimo vya sare imeishia kwenye usiku mmoja. Asubuhi yake bibi harusi hajui kama mwenzake anakunywa chai ya rangi au ya maziwa, bwana harusi hajui nani ataanza kuoga, na hakuna MC wa kuwaambia kinachofuata.

Mimi na mke wangu tumesimamia ndoa nne. Kanisani kwetu kazi ya wasimamizi haiishii kusimama pembeni ya maharusi siku ya ibada. Wao ndio wanaopigiwa simu saa nne usiku mambo yakiharibika. Simu nyingi tulizopokea zilikuja mapema, ndoa ikiwa haijatimiza miaka miwili. Huanza na mambo madogo: gesi imeisha na hakuna aliyenunua, wifi amekuja bila taarifa, mtu kachelewa kurudi. Ukimwacha msemaji aseme mpaka achoke, anafika kwenye moja ya sentensi mbili. "Simwamini." Au, "Tunaishi kama wapangaji."

Malalamiko haya mawili huchukuliwa kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo ushauri mwingi unapopotea. Kiswahili chenyewe kimeyatenganisha. Uaminifu ni sifa ya mtu mmoja: haibi, hachepuki, hasemi uongo. Kuaminiana kuna lile "-ana" la kupendana na kusaidiana, kwa hiyo hakuwezi kukaa ndani ya mtu mmoja. Kuko katikati ya wawili. Ndiyo maana unaweza kumkuta mwanaume mwaminifu kabisa, asiye na doa, ambaye mkewe hamwamini, na wote wawili wanashangaa. Ukaribu nao ni jambo la tatu. Unaweza kumwamini mtu kwa hela yako yote na usijue anaogopa nini akizima taa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema mtu hawezi kupeleka mahakamani maombi ya talaka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa kwa ruhusa maalumu ya mahakama. Mimi si mwanasheria, lakini nakisoma kifungu hicho kama onyo kwamba miaka miwili ya kwanza haifai kuhukumiwa haraka. Watu bado wanafahamiana. Hata wale waliochumbiana miaka sita wanagundua kwamba walimjua mchumba na hawakumjua mtu wa kuishi naye.

Sasa kuaminiana huanzia wapi? Jibu zuri zaidi nililowahi kukutana nalo lilianzia jirani na sisi, Uganda, na lilianza kwa watoto wachanga. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, Mmarekani aliyekulia Kanada, alifika Kampala akifuatana na mumewe. Akaanza kutembelea familia 26 katika vijiji vya kando ya mji, zenye watoto wachanga 28. Alikwenda majumbani mwao kila baada ya wiki mbili hivi kwa muda wa miezi tisa, akikaa na akina mama na kuangalia. Alichoona ni kwamba mtoto ambaye mama yake huzisoma ishara zake na kumwitikia hashindi amemganda mama. Hutambaa kwenda zake, huchezea mlango, huchungulia kuku nje, kisha hurudi kugusa goti la mama na kuondoka tena. Mtoto asiye na hakika kama ataitikiwa ndiye anayelia sana na kung'ang'ania. Mwaka 1987 watafiti Cindy Hazan na Phillip Shaver waliandika kwamba mapenzi ya watu wazima yanakwenda kwa mtindo huo huo. Mtu mzima, ndani ya ndoa, bado anauliza: nikikuita, utaitika?

Kwa hiyo yule mke anayepigapiga simu kila saa, au yule mume anayetaka kujua uko wapi na nani, mara nyingi hana wivu wa kuzaliwa nao kama tunavyopenda kusema. Huenda ni mtu aliyeita mara kadhaa akasikia kimya.

John Gottman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle walilipima jambo hili kwa maharusi. Waliwaweka kwenye nyumba ndogo yenye kamera, wakae kama wanavyokaa kwao: wapike, wasome magazeti, waangalie maji dirishani. Watafiti hawakungoja ugomvi mkubwa. Walihesabu vitu ambavyo wewe na mimi tungevipita. Mmoja anasema, "Hebu ona ile mashua." Mwenzake ama anageuka kutazama, ama ananyamaza, ama anamkatisha. Miaka sita baadaye waliwatafuta tena. Waliokuwa bado pamoja walikuwa wamegeukiana mara 86 katika kila 100. Waliokuwa wameachana, mara 33. Hao ni Wamarekani, na tarakimu zenyewe hazithibitishi kwamba kutogeuka ndiko kulikovunja ndoa, kwa sababu ndoa iliyokwisha kuchoka nayo huacha kugeuka. Lakini nikiziweka tarakimu hizo kando ya ndoa ninazozijua, zinafanana nazo kupita kiasi.

Zinafanana hata na ya kwangu. Mwezi wa pili wa ndoa yetu jiko lilikuwa koridoni, na mke wangu alikuwa amefukia kokwa la embe kwenye kopo la rangi. Jioni moja akaita, "Njoo uone." Nilikuwa naangalia mpira, nikasema, "Nakuja." Sikwenda. Siku ya pili akaita tena, kwamba kuna jani la pili. Nikajibu, "Nimesikia," macho yakiwa kwenye kioo cha televisheni. Siku ya tatu hakuita. Wiki ikapita, nikawa natoka na ndoo ya maji nikaona kwenye kopo mche wenye majani manne, laini, yenye wekundu wa shaba kama majani machanga ya mwembe yalivyo. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Alijibu kwa upole, bila hasira yoyote, na upole huo ndio ulionitisha: "Nilikuambia."

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, hakuwahi kusikia habari za Seattle. Lakini alitulea kwa sheria moja isiyo na mjadala: ukiitwa, usiseme "nini?" wala usijibu kwa kuguna. Msichana aitike "abee", mvulana aitike "naam", kisha ndipo useme kama unakuja au una kazi. Nilipokuwa mtoto niliona ni utumwa. Leo naona kuitika hakukuwa kutii. Ilikuwa njia ya kumjulisha anayeita kwamba sauti yake imefika. Unaweza kuitika kisha ukasema, "Nimechoka, nipe nusu saa." Kinachovunja moyo ni kimya, na kile kimya chenye sauti, "mmh", simu ikiwa mkononi.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu mafundo mengine yote ya ndoa changa yamefungwa hapa, hata yale yanayoonekana kuwa ya hela au ya simu.

Chukua habari ya siri. Maharusi wengi huambiwa kwamba ndoa nzuri haina siri, basi usiku wa pili wanakaa kitandani na kumwaga gunia zima: wapenzi wote wa zamani kwa majina, kila kosa, kila aibu ya ukoo. Wengine huambiwa kinyume chake, kwamba usimwonyeshe mwenzio kila kitu. Ushauri wote huu unachanganya siri na faragha. Mimi hutumia swali moja: mwenzangu akilijua jambo hili leo, kuna uamuzi wake wowote utakaobadilika? Mtoto uliyezaa kabla, ugonjwa, deni, kazi uliyofukuzwa, nyumba unayojenga kijijini: hayo yanagusa maisha anayoyapanga, na kuyaficha ni kumfanya apange akiwa amefumba macho. Lakini alichokueleza rafiki yako kuhusu ndoa yake, maombi yako, kumbukumbu ya mapenzi ya ujana yaliyokwisha na hayamdai mtu, hayo ni yako. Mtu mwenye faragha hajamdhulumu mwenzake.

Na hata yale ya kusema yana mwendo wake. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walichapisha jaribio la watu wasiojuana, wawiliwawili, waliopewa maswali 36 ya kuulizana kwa dakika 45. Maswali yalianza na mepesi yakazidi kuingia ndani, na kila swali lilijibiwa na wote wawili. Watu hao walijihisi karibu zaidi kuliko wale waliopewa maswali ya kupiga soga tu. Siri ya mpango ule ni zamu na hatua. Mmoja akifunguka kidogo, mwenzake naye anafunguka kidogo, wanasogea. Ndoa zetu nyingi hazina zamu. Bibi harusi anahojiwa kama shahidi, bwana harusi anasikiliza na kunyamaza kwa sababu amefundishwa kuwa mwanaume hasemi. Baada ya miezi sita mmoja yuko wazi kabisa na mwingine bado ni mgeni.

Hela ndiyo iliyotuitisha mara nyingi kuliko jambo lingine. Wenzi wawili tuliowasimamia wameniruhusu kusimulia yao bila majina. Ndoa ilikuwa na miezi saba. Siku hiyo umeme ulikatika kazini kwa mume, akarudi nyumbani saa tisa badala ya saa moja jioni. Akamkuta kijana mwenye begi la mgongoni amekaa kwenye ngazi ya mlango, daftari magotini. Kijana akasimama, akasalimia kwa adabu, akasema anamsubiri mama wa hapa, amechelewa kidogo na rejesho la leo. La leo. Maana yake lilikuwapo la jana. Mke alikuwa amechukua shilingi 300,000 kwenye ile mikopo ambayo mitaani inaitwa kausha damu, inayolipwa kila siku, na alikuwa akiikata kwenye hela ya matumizi aliyoachiwa mezani kila asubuhi.

Usiku ule mume alinipigia. "Kaka, laki tatu ningetafuta. Kinachoniuma ni kwamba yule kijana anaijua nyumba yangu kuliko mimi."

Tulikwenda kesho yake jioni, tukakaa mkekani wote wanne. Mke wangu akamwuliza yule binti kwa nini hakusema. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akivuta uzi wa mkeka. Kisha akasema, "Mwezi wa pili nilimwambia mama anaumwa. Akasema pole, akaendelea kula. Nikajua hilo ni langu."

Mume alifungua mdomo, akaufunga. Hakukumbuka jioni hiyo, na sidhani kama alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na njaa na mawazo yake. Baada ya dakika kadhaa akatoa ya kwake. Mshahara aliosema "umechelewa" kwa miezi mitatu haukuwa umechelewa. Ulikuwa unakatwa na SACCOS ya kazini kwa mkopo aliochukua kumalizia ukumbi na suti, kwa sababu michango haikutimia na hakutaka aibu mbele ya wakwe. Wote wawili walikuwa wanalipa deni kwa siri, chini ya bati moja, kila mmoja akimwona mwenzake mchoyo.

Wengi wakisikia kisa hiki husema dawa ni akaunti moja. Sikubaliani. Nimeona ndoa imara zenye mifuko miwili na kibubu cha mama chini ya kitanda, na ndoa mbovu ambazo mmoja anakagua kila muamala wa mwenzake. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata, kila mtu alipata pochi yenye namba ya siri, na hilo si baya. Mwanamke mwenye hela yake kwenye kikoba analala usingizi mzuri zaidi. Kinachohitajika ni kila mmoja ajue ukubwa wa mzigo wa mwenzake: kinachoingia, kinachodaiwa, na nani huko nyumbani anategemea kutumiwa kila mwezi. Hayo mambo matatu yakiwa mezani, namna ya kugawana mifuko ni mapatano ya wawili.

Hofu nyingine ya hela ni ya kuachwa. Vijana hujenga kwa siri "endapo itatokea". Wajue basi kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali. Na Sheria ya Ndoa hairuhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kuficha hakuleti ulinzi ambao watu wanadhani kunaleta, na hati ikija kuonekana kwenye sanduku, mwenzio anasoma tarehe yake na kuhesabu alikuwa wapi siku hiyo.

Kuhusu simu nitasema machache. Kubadilishana namba za siri kunaweza kutuliza, hasa kama kuna jeraha la zamani. Lakini kukagua si kuaminiana. Ni kile mtu anachofanya pale kuaminiana kulipokosekana. Anayekagua leo asikute kitu, kesho atakagua tena, kwa kuwa alichokuwa anakitafuta hakimo ndani ya simu.

Sasa nije kwenye ukaribu wa mwili, ambao tunauzungumza ama kwa vicheko vya kitchen party ama hatuuzungumzi kabisa.

Watu wa pwani walikuwa na fungate: siku saba baada ya harusi ambazo maharusi hukaa ndani, wanapikiwa, hawatumwi sokoni wala hawagongewi na wageni. Nyuma ya bibi harusi alikuwapo somo au kungwi wake, mwanamke mzima aliyempokea na kumfunda. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana duniani kwa taarab, lakini kwa wanawake wa kwao alikuwa pia mtu wa unyago. Mila zile zilikuwa na mengi ya kuachwa, na zilikuwa na jambo moja tulilolipoteza: zilikiri kwamba miili miwili haifahamiani kwa usiku mmoja na inahitaji muda uliolindwa. Leo maharusi wanalala hotelini usiku mmoja wakiwa hoi kwa kusimama na kupiga picha, Jumapili wanahesabu bahasha, na Jumatatu mtu yuko kwenye daladala.

Kuna upande mmoja umesahaulika zaidi. Msichana bado anafundwa. Shangazi wanakaa naye, anaambiwa mume hupokelewa vipi, hulishwa vipi, hupendezwa vipi. Mvulana anafundwa na nani? Wengi wanaingia na walichokiona kwenye video za simu, zilizoigizwa kwa malipo, ambamo hakuna anayeuliza wala anayeogopa. Kwa hiyo chumbani anaingia mmoja aliyefundishwa kupokea na mwingine ambaye hakufundishwa kubisha hodi.

Nalitumia neno hodi kwa makusudi. Hakuna Mswahili anayeingia nyumba ya mtu bila kubisha, na asipoitikiwa "karibu" hubisha tena, hadi mara tatu, kisha huondoka bila kununa. Neno ukaribu limetoka kwenye hilo hilo "karibu". Mwili wa mke ni nyumba yake, na wa mume vile vile, na mahari iliyolipwa haijaondoa hodi. Kuuliza "uko sawa?", kungoja, kukubali kuambiwa "leo hapana" na asubuhi ukaamka na uso ule ule, hayo ndiyo yanayomfanya mtu aache kuukaza mwili. Nimezungumza na mabwana harusi walioona hapana moja ya wiki ya kwanza kama tusi. Wakati wote mwenzao alikuwa akiangalia kitu kimoja tu: hapana yangu italipiwa nini?

Kisarawanda, kile kitambaa cheupe kilichotandikwa ili damu ionekane, kimewaumiza wengi na bado kinawaumiza, hata pale ambapo hakuna tena anayekitandika ila mume anakitazamia moyoni. Damu si ushahidi. Wanawake wengi hawatoki damu mara ya kwanza. Mwezi Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa bikira ukomeshwe, likieleza kwamba hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kukutana na mwanaume. Ndoa inayoanza na shutuma juu ya shuka imeanza na kesi ambayo mshtakiwa hana namna ya kujitetea.

Na kuna maumivu. Wapo wanawake ambao misuli ya uke hubana yenyewe bila wao kutaka, kiasi kwamba tendo haliwezekani au linauma vibaya. Madaktari huiita vajinismasi. Si jini mahaba, si kukosa mapenzi, na hutibika kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mazoezi ya misuli na mshauri mwenye subira. Wanaume nao hushindwa wiki za kwanza kwa uchovu na hofu tu, kisha hofu ya kushindwa tena inawashika zaidi. William Masters na Virginia Johnson wa St. Louis, Marekani, waliandika mwaka 1970 juu ya njia inayowashangaza watu wanapoisikia mara ya kwanza: wenzi wanakubaliana kuliacha tendo lenyewe kwa muda, wanapeana zamu ya kugusana mikono, mgongo, uso, bila kwenda mbali zaidi, na kila mmoja anasema kinachompendeza. Mtihani unaondolewa, mwili unatulia. Ukiitazama vizuri haiko mbali na fungate.

Ndugu ni suala refu na nitalifupisha. Mama mkwe si adui, na kijana anayempenda mama yake ni mali. Shida ni njia ya habari. Ugomvi wa Jumanne ukifika kwa mama kabla haujamfika mhusika, ninyi mtapatana Jumatano na mama atabaki nao mwaka mzima. Kubalianeni mapema mtu mmoja au wawili wa kupeleka mashauri, wenye vinywa vizito. Kabla ya mahakama, sheria inatambua baraza la usuluhishi wa ndoa, na wengi huanza na mchungaji, shehe au wasimamizi wao. Gottman anakadiria kwamba mambo 69 katika 100 wanayogombania wanandoa hayaishi kamwe, yanabadilika sura tu, kwa sababu yametokana na tabia za watu wawili tofauti. Anayelijua hilo hachukulii kila ugomvi kuwa dalili ya kuoa au kuolewa vibaya.

Yote niliyosema yanahusu watu wawili wanaokoseana kwa kutojua. Kipigo ni jambo jingine. Sheria ile ile ya 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake, na vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo. Anayepigwa asiambiwe na mtu yeyote, akiwemo msimamizi, kwamba ajifunze kuitika vizuri zaidi.

Kwa wale wa mkekani, urekebishaji haukuja kwa kulia na kukumbatiana, ingawa walilia. Ulikuja kwa mambo ya kuchosha. Walinunua daftari la shule la kurasa 48. Ukurasa wa kwanza madeni yote, yake na yake, hata elfu kumi ya jirani. Waliomba radhi bila neno "lakini", na hilo liliwachukua majaribio kadhaa; mume alikuwa anafika "samahani, lakini na wewe…" na mke wangu anamwinulia kidole. Walipeana ahadi ndogo zenye saa: nitapiga saa saba, nitalipa Ijumaa, tutakaa na daftari Jumapili baada ya kula. Nilimwambia mume asiahidi makubwa, kwa kuwa mkewe hakuwa na haja ya makubwa. Alihitaji kuona saa saba inafika na simu inaita. Ikaita siku ya kwanza, ikaita siku ya kumi na mbili, na katikati kuna siku haikuita, akapiga saa nane akisema mwenyewe kwamba amechelewa, kabla hajaulizwa. Mke aliniambia baadaye kwamba hiyo ya saa nane ndiyo iliyomfanya aanze kuamini.

Rejesho la mwisho lililipwa. Nilipita kwao si muda mrefu, nikaliona daftari juu ya friji, limechakaa pembe. Mke akanipa nilione. Mwandiko mmoja umelala kulia, mwingine umesimama wima: luku, gesi, kodi, ada ya mdogo wake. Chini ya ukurasa, katikati ya tarakimu, kwa ule mwandiko uliosimama wa mume, palikuwa na mstari usio wa hela: "Mama mkwe kliniki Alhamisi. Naenda naye mimi."